Chaguo la Asiyechagua

Kwa mwenye kusema Kiswahili, saa nane ya mchana haina utata: jua limekwishapinda, adhuhuri imeswaliwa, na alasiri bado haijaadhiniwa. Hivyo ndivyo wanavyohesabu pia kina mama wa Mgeta, huko milima ya Uluguru, walimao kabichi na karoti kwenye miteremko na kuzipeleka masoko ya Morogoro na Dar es Salaam. Siku moja waliletewa ujumbe wa simu kwamba gari la mizigo lingefika “saa 8:00”. Wakateremka na matenga yao tangu saa saba, wasije wakachelewa. Kumbe gari lilifika saa mbili asubuhi, likangoja, likaondoka tupu. Kompyuta iliyotuma ujumbe ule ilihesabu saa kuanzia usiku wa manane.

Aliyeitunga programu ile ni mpwa wangu, ambaye kazi yake ni hiyo huko Morogoro. Nilipomwuliza, alinijibu kwa utulivu: “Mjomba, kosa si langu. Mtindo wa saa ni mpangilio tu. Palikuwa na mahali pa kuubadilisha, na hakuna aliyeubadilisha.”

Jibu hilo ndilo lililoninyima usingizi. Je, mtu asiyejua kwamba amewekwa mbele ya hiari aweza kuambiwa amehiari?

Hapana budi kwanza kukieleza kitu chenyewe. Mtungaji wa programu hutenganisha mambo yasiyobadilika na yale yatakayotofautiana baina ya mahali na mahali: lugha, sarafu, saa, nambari ya kutumia ujumbe. Haya ya pili huyaandika kando, katika faili la mipangilio. Kisha huazima maktaba ndogo, nayo si ya vitabu, bali ni fungu la maagizo lililoandikwa mara moja likatumiwa na programu nyingi, iyasome kwa daraja. Huanza na thamani alizoziweka mtungaji. Juu yake huja zile za chama kinachoitumia programu. Na juu kabisa zile za mashine yenyewe. Ya juu huishinda ya chini. Pasipo na neno juu, hubaki la mtungaji. Wapenzi wa ushairi hawatauona utaratibu huu mgeni: mizani kumi na sita za mshororo si za kila mtu kuzigeuza atakavyo, lakini maneno ya kuzijaza ni yake.

Tangu wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipotoa programu za ofisi kwa Kiswahili mwaka 2004, katika mradi wa Kilinux, tumezidi kuzoea istilahi za namna hii. Thamani ile ya mtungaji leo huitwa chaguo-msingi. Msingi, naam. Lakini chaguo la nani? Katibu wa chama hakulichagua, kwani hakuulizwa. Kina mama hawakulichagua, kwani hata faili hawakuliona. Na mpwa wangu mwenyewe, nilipombana, alikiri kwamba alilikuta katika mfano aliounakili, akaliacha lilivyo.

Milima hiyo imewahi kuona jambo linalofanana na hili, lakini zito zaidi. Baada ya vita vya pili vya dunia serikali ya Waingereza iliwaamuru Waluguru wachimbe matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Shabaha yenyewe haikuwa mbaya. Lakini udongo wenye rutuba ulikuwa tabaka jembamba, na uchimbaji ukaufukua udongo hafifu wa chini. Mkulima aliyelijua shamba lake hakuwa na mahali pa kusema, “hapa kwangu sivyo”. Mwaka 1955 zikazuka ghasia Matombo, na mpango ukaachwa.

Mpwa wangu hakufanya hivyo, na ni haki kusema hivyo. Yeye aliacha mlango. Ila aliuweka katika chumba ambacho ufunguo wake alikuwa nao yeye peke yake. Wala sikubali kwamba tiba ni kuongeza milango. Faili alilonionyesha lilikuwa refu kupita kiasi, na nilihisi kwamba kila mstari ulioongezwa humo ulikuwa pia lawama moja iliyohamishiwa kwa mtu mwingine. Anayeweka chaguo-msingi, kwa maoni yangu, ameamua, naye hubeba uamuzi huo mpaka yule utakayemfika aambiwe, kwa lugha yake, kwamba anaweza kuugeuza.

Tulibishana hadi usiku. Hatimaye aliifanya programu iandike “saa mbili asubuhi” kwa maneno, na mtindo wa saa ukawa swali la kwanza analoulizwa katibu anapoiwasha. Kisha akapanda Mgeta mwenyewe kuwaeleza waliopata hasara. Mama mmoja alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, kisha akamwuliza: zile kabichi za siku ile zimeandikwa katika faili gani?