Wameshuka, au Tumeshuka?

Siku Simba ilipoifunga Kagera Sugar mabao matano kwa mawili pale Kaitaba, Desemba 2024, nilikuwa Biharamulo mjini, ndani ya kibanda umiza, nimebanwa katikati ya dereva bodaboda aliyekumbatia helmeti yake na muuza kahawa aliyeacha birika mlangoni. Joto la mabati, harufu ya jasho na karanga. Bao la tano lilipoingia, watu waliruka kwa pamoja na benchi letu likakatika mguu. Hakuna aliyejali. Dereva bodaboda alinishika mabega, akanitikisa kama mwembe, akapiga kelele: "Tumewapiga mkono! Mkono mzima!"

Nilicheka naye. Baadaye, nikiwa naondoa vumbi kwenye suruali, lile neno likanirudia. Tumewapiga. Nani kampiga nani? Kijana yule amezaliwa Nyakahura, leseni yake imetolewa Kagera, na kura yake ataipigia Kagera. Timu iliyokuwa nyumbani siku ile, kwenye uwanja wa mkoa wake, imebeba jina la mkoa wake kifuani. Yeye alikuwa upande wa wageni. Na mimi, kwa kuwa leo nimeamua kusema kweli, sikuwa upande wa wenyeji pia. Mimi ni Yanga. Nilikwenda pale kuombea Simba ifungwe, na Kagera Sugar ilikuwa fimbo tu ya kuazima.

Juni 2025 ligi ikafika ukingoni. Kagera Sugar ikamaliza nafasi ya 15 kati ya timu 16, na utaratibu wetu hauna huruma kwa nafasi hiyo: wa 13 na wa 14 wanapewa mchujo wa kujitetea, wa 15 na wa 16 wanafungasha. KenGold ya Chunya ilikwisha kutangulia. Makocha watatu walipita kwenye benchi lile msimu mmoja: Mganda Paul Nkata, kisha Mmarekani Melis Medo, na mwisho Juma Kaseja akaachiwa gari likiwa limeshaanza kuteremka mlima. Jioni moja nikakutana na yule dereva bodaboda kwenye kijiwe chake. Akaniambia kwa sauti ile ile ambayo mtu angeitumia kutoa habari za bei ya mafuta: "Mzee, Kagera wameshuka."

Wameshuka.

Kiswahili ni lugha isiyoruhusu mtu kujificha. Kabla hujataja kitendo, kwa kawaida lazima useme nani, na silabi moja tu mwanzoni mwa neno inakuanika. Ni-, tu-, wa-. Wasomi wanaviita viambishi. Mimi tangu siku ile naviita vyeti vya uraia. Sikiliza watu wakizungumza mpira, harusi, deni au msiba, utajua kila mmoja ana uraia wa wapi. Ukoo ukipata mbunge, ni "tumeshinda". Ukoo huo huo ukitajwa kwenye kesi ya wizi wa ng'ombe, ni "wale jamaa wana matatizo".

Lakini nisiwaonee watu wa kwetu. Kuna siku walisema "tu" kwa Kagera Sugar, na niliwasikia. Ilikuwa Mei 19, 2018. Simba ilikuwa imekwishachukua ubingwa bila kupoteza mchezo wa ligi hata mmoja, na Rais Magufuli akaenda Uwanja wa Taifa kuwakabidhi kombe. Ilikuwa sherehe, Kagera Sugar wakiwa wamealikwa kama wapiga ngoma. Dakika za mwisho Edward Christopher wa Kagera akafunga. Kisha Simba wakapata penalti, akaenda Emmanuel Okwi mwenyewe, na golini alikuwa Juma Kaseja, kipa ambaye Simba waliwahi kumwimbia na baadaye kumzomea. Akaudaka mkwaju. Bao moja kwa bila. Rais akakabidhi kombe kwa mabingwa waliofungwa, tena akawaambia hadharani kwamba kwa mpira ule Afrika hawatafika mbali. Kwetu hilo lilikuwa na utamu wa ziada, maana kabla ya Chato kujitenga alikuwa mbunge wetu wa Biharamulo Mashariki.

Siku ile, kwetu Ngara, simu zilipigwa kutoka Rulenge hadi Kabanga. "Tumewafunga mbele ya Rais!" Watu ambao hawakuwa wakimjua hata beki mmoja wa timu ile walikuwa wakimwita Kaseja "mtoto wetu", ilhali ni mtu wa Kigoma. Furaha haiulizi kitambulisho. Kaseja huyo huyo ndiye aliyekuwa amesimama kwenye mstari wa benchi miaka saba baadaye timu ikizama, na kiti cha kocha hakina glovu. Sikusikia mtu akimwita mtoto wetu.

Mwaka mmoja kabla ya mechi ile ya mbele ya Rais, 2017, Kagera Sugar chini ya Mecky Maxime ilimaliza ya tatu. Msimu ule iliifunga Simba mbili kwa moja Kaitaba, ikazuka kesi ya kadi za njano za beki Mohamed Fakhi, Simba wakapewa pointi za mezani, kisha wakanyang'anywa. Yanga na Simba wakamaliza na pointi sawa, Yanga wakachukua kombe kwa tofauti ya mabao. Mpaka leo ukitaka kuvuruga kikao cha ulevi wa rubisi, taja jina la Fakhi. Ila angalia ugomvi wenyewe unavyokwenda: wa Simba na wa Yanga wanakabana mashati, na timu iliyocheza mechi, iliyofunga yale mabao mawili, inatajwa kama shahidi asiye na umuhimu. Msimu ulipoisha, mshambuliaji wake Mbaraka Yusuf akaenda Azam. Hivyo ndivyo ilivyokuwa desturi. Tukiona kijana anang'aa Kaitaba, hatukuuliza tutamshikaje. Tuliuliza ataenda Simba au Yanga.

Mtu wa Bukoba akisoma haya atasema: ninyi wa Ngara mna haki gani ya kulia? Ana hoja. Kutoka Ngara mjini kwenda Kaitaba ni kuamka alfajiri na kufika umechoka kama uliyekwenda kwa mguu. Sisi tuko karibu zaidi na Rwanda na Burundi; ukisimama darajani Rusumo unaona mashamba ya watu wa nchi nyingine kabla hujaona ya mkuu wako wa mkoa. Jina la utani la timu, Wanankurukumbi, lina ladha ya Bukoba, na Mhangaza kama mimi hulitamka kwa kuazima. Kiwanda chenyewe kiko Misenyi, karibu na mto Kagera, kule ambako majeshi ya Idi Amin yalivamia mwaka 1978 na kiwanda kikaharibiwa. Kilikuja kufufuka baada ya kubinafsishwa. Timu ni ya kampuni ya sukari, mshahara unatoka kwenye miwa, wala hakuna aliyetuomba kadi ya uanachama. Na hata huo u-Kagera wetu una mishono inayoonekana. Mwaka 2021, lilipokuja pendekezo la kuunda mkoa wa Chato, Ngara na Biharamulo zilikuwa katika hesabu ya kuhamishwa, na nakumbuka mjadala wa vijiweni: wengine walikasirika, wengine wakahesabu kilomita za kwenda hospitali ya rufaa, na wengi waliinua mabega.

Kwa hiyo sababu za kusema "wameshuka" ninazo tele. Kinachonisumbua ni bibi yangu.

Mwaka 1997 nilikuwa kipa wa timu ya shule yetu ya msingi, huko Ngara, na tulikwenda Biharamulo kwa mashindano. Naita kipa kwa heshima. Nilipewa goli kwa sababu nilikuwa na mikono mirefu na woga wa kukimbia. Tulifungwa saba. La nne lilipita katikati ya miguu yangu taratibu, kama kuku anayevuka uwanja wa nyumba. Kesho yake tukapandishwa lori, tukangoja msafara wa magari yanayosindikizwa na polisi, maana pori lile enzi zile lilikuwa na majambazi na halikupitwa kiholela. Tulikaa juu ya magunia ya mahindi saa nyingi, wekundu wa vumbi mpaka kope, hakuna anayemwangalia mwenzake. Mwalimu wetu wa michezo alipoona tumekaribia kijiji, akagonga bodi ya lori na kuamuru tuimbe. Tukaimba. Watu wakatoka mbio wakidhani tumeleta kombe, na nilitamani gari lisisimame.

Vijana walituzunguka: "Mmefungwa? Mmefungwa ngapi?" Kila aliyeuliza alikuwa na meno nje. Bibi yangu, ambaye hakuwahi kuutazama mchezo wa mpira mpaka mwisho na aliamini kipa ni aina ya adhabu, alikuja na kopo la maji ya kunawa uso. Akaniuliza kwa Kihangaza, kimyakimya, kama mtu anayeuliza deni la nyumbani mwake: "Tumefungwa ngapi?"

Nikamwambia saba. Akatikisa kichwa. "Ni mengi," akasema, akanimiminia maji mikononi. "Nawa, ule."

Sikuelewa alichofanya, na kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama kichekesho, bibi asiyejua mpira akijitia timuni. Ni baada ya yule kijana wa bodaboda ndipo nilipokisikia kile kiambishi chake. Yeye hakuwa na jezi wala tiketi, na mabao saba yale hayakumwongezea wala kumpunguzia kitu. Alijitia ndani ya hasara kwa silabi moja, wakati waliotusindikiza kwa vigelegele wiki moja kabla walikuwa wamekwishahamia upande wa "mmefungwa".

Nikitafuta watu wengine wanaobaki ndani ya hasara, nimekuwa nikisoma habari za mji mmoja wa Japani unaoitwa Tosu. Ni mji mdogo, wakazi kama elfu sabini na ushei, na timu yao Sagan Tosu ilianza kucheza daraja la juu mwaka 2012, ikakaa misimu 13 ikibishana na timu za Tokyo na Yokohama. Fernando Torres, yule yule wa Liverpool, alikwenda kumalizia soka lake hapo, na mechi yake ya mwisho mwaka 2019 walifungwa sita. Mwaka 2024 Tosu wakashuka. Kule wana desturi: mchezo wa mwisho wa nyumbani ukiisha, hata kama msimu ulikuwa wa aibu, wachezaji hujipanga na kuinama mbele ya majukwaa, upande mmoja baada ya mwingine. Simaanishi Wajapani ni malaika. Huko nako mashabiki huzomea. Ila ili mchezaji ainame lazima kuwe na mtu jukwaani wa kuinamiwa. Nimejaribu kuwawazia wachezaji wa Kagera Sugar wakiinama Kaitaba. Wangemwinamia nani? Uwanja ule hufurika Simba au Yanga zikija, na siku hizo sehemu kubwa ya majukwaa huvaa rangi za wageni. Siku za Namungo au Tanzania Prisons, nyasi bandia hubaki na wachezaji, askari na watoto wa kuokota mipira.

Ndugu wa Kagera Sugar katika sukari, Mtibwa, mabingwa wa nchi wa 1999 na 2000, walishuka mwaka 2024 na mwaka 2025 wakapanda tena, kwa hiyo shimo lina ngazi. Tukuyu Stars, waliochukua ubingwa mwaka 1986 na kushuka mwaka uliofuata, wanabaki kutajwa kwenye vipindi vya redio vya kumbukumbu. Sijui Kagera Sugar watafuata njia ipi na sitajifanya mtabiri. Najua tu kwamba kabatini kwangu kuna jezi tatu za Yanga, moja imepauka hadi njano yake imekuwa rangi ya uji, na hakuna hata moja ya timu ambayo jina lake liko kwenye anwani yangu.

Wiki iliyopita nilimwendea mwenye kibanda. Alikuwa amechuchumaa na nyundo, anapiga misumari kwenye benchi lile lile, mguu mpya wa mti mbichi ambao bado unatoa utomvu. Nikamuuliza kama msimu ujao ataonyesha mechi za Kagera Sugar za Championship, zikirushwa. Akatoa msumari mdomoni.

"Mwalimu, umeme unalipiwa," akasema. "Wa Simba nikiwafungia king'amuzi watanichomea kibanda. Hao wako niwaonyeshe nani?"

"Wetu," nikasema.

Akanitazama muda mrefu kidogo kuliko nilivyopenda.

"Haya, wetu. Lete watu ishirini, mia tano mia tano, nafungua."

Mpaka leo asubuhi nimepata saba, mmoja wao mtoto wa darasa la tatu anayetaka kuingia bure. Muuza kahawa amekubali kwa masharti ya kuingia na birika lake. Dereva bodaboda amesema ataangalia, inategemea Simba wanacheza lini.