Pumzi ya Mtumba

Kitu kilichokwisha kutumika kina thamani mbili: ile aijuayo aliyekitumia, na ile aitumainiyo anayekinunua. Baina ya thamani hizo hupita biashara nyingi za dunia bila dhara kubwa. Shati la mtumba lililochanika kwapani humtia mnunuzi aibu, wala si msiba. Redio iliyochoka humnyima habari za jioni tu. Walakini viko vitu vichache ambavyo kosa lake halilipiki kwa fedha, na kimoja katika hivyo ni regulata ya mpiga mbizi, yaani kifaa kipokeacho hewa kutoka mtungini na kumpa mtu kwa kipimo cha pumzi zake awapo chini ya maji.

Asili ya kifaa hiki yafaa kujulikana Geita kuliko mahali pengi. Benoît Rouquayrol, Mfaransa aliyekipatia hataza mwaka 1860, alikuwa mhandisi wa migodi, na kusudi lake lilikuwa kuwaokoa wachimbaji waliozingirwa na hewa mbovu. Baada ya miaka michache Auguste Denayrouze, afisa wa jeshi la majini, alishirikiana naye kukipeleka chini ya bahari. Mwaka 1943 Émile Gagnan na Jacques Cousteau wakakipa umbo lililozaa haya ya leo, kwa msaada wa vali ambayo Gagnan alikuwa ameitengeneza kwa magari ya kuendeshwa kwa gesi wakati vita vilipoadimisha petroli. Basi pumzi ya mzamiaji wa Nkome, penye mitumbwi ya dagaa na sangara, na pumzi ya mchimbaji wa dhahabu aliye nyuma yake bara, zina babu mmoja.

Swali lenyewe ni hili: regulata kuukuu, iliyokataliwa na mwenyewe, yaweza kwa haki kuuzwa au kutolewa zawadi kwa mtu mwingine apumulie?

Hapana budi kutazama kwanza kwa nini hukataliwa. Hewa hukaa mtungini kwa nguvu ipatayo mara 200 ya hewa ya kawaida. Hatua ya kwanza ya regulata huishusha hata ikabaki kama mara 10 juu ya nguvu ya maji yaliyopo. Hatua ya pili, iliyo mdomoni, humalizia kazi. Hewa itanukayo ghafula hupoa sana. Katika ziwa la nchi za kaskazini wakati wa kipupwe, baridi hiyo huyagandisha maji yanayoizunguka springi, vali ikakwama wazi, hewa ikafoka bila kukoma, na mtungi ukaisha kwa dakika chache. Bahari humstahimilia mtu kidogo, kwa kuwa maji ya chumvi hayagandi mpaka yapite karibu nyuzi 2 chini ya sifuri. Maji ya ziwa hayana huruma hiyo. Ndiyo sababu regulata iliyomtumikia mtu miaka 20 baharini Zanzibar bila kumsumbua haijatoa ushahidi wowote juu ya barafu. Haikuulizwa.

Hapa lugha nayo yaweza kumtega mtu. Kiswahili huyaita maji yasiyo na chumvi “maji baridi”, hata yakiwa na joto la kuogea. Ziwa Victoria ni la maji baridi kwa maana hiyo, na huku joto lake pale juu hukaribia nyuzi 25. Kawaida ya Ulaya iitwayo EN 250 huanza kuyahesabu maji kuwa ya baridi yakiwa chini ya nyuzi 10. Mwuzaji asemaye kwamba kifaa chake chafaa kwa maji baridi aweza kusema kweli kwa maana moja na kuua kwa maana ya pili.

Wala ukuukuu peke yake si ila. Baadhi ya regulata za zamani zenye mipira miwili huipeleka pumzi itokayo, yenye unyevu, kwa mpira wake mbali na mitambo, ikakosa nafasi ya kuigandisha. Na hatua ya pili ya shaba hupokea joto la maji upesi kuliko ya plastiki. Ila ya kweli ya kitu kikuukuu ni nyingine: mpira uliokauka, kikalio cha vali kilichochimbika, kutu ya kijani, na juu ya yote kiwanda kilichoacha kutengeneza vipuri. Regulata ya namna hii haiogopi barafu tu. Yaogopa kila maji.

Basi kila aliyekataa kitu alikuwa na sababu, na sababu nyingine husafiri pamoja na kitu, nyingine hubaki nyumbani. Regulata iliyokataliwa huko Uswidi kwa kuwa hugandamana yaweza kuletwa Nkome bila kumvunjia mtu heshima, kwa maana sababu yake imebaki katika maziwa ya Uswidi. Ile iliyokataliwa kwa kukosa vipuri imekuja na sababu yake ndani ya sanduku. Wenye wivu juu ya heshima ya Mwafrika, wanaoona kila kitu cha mtumba kuwa tusi, wanazichanganya sababu hizi mbili. Na wafadhili wanaodhani kwamba kila kitu ni bora kuliko kukosa, nao wanazichanganya vile vile. Hawa wa pili ndio wenye hatari zaidi, kwa kuwa zawadi huona haya kukaguliwa.

Je, mwuzaji anyamazaye amedanganya? Swali ni la kale. Cicero, katika kitabu chake juu ya wajibu, alisimulia habari za mfanyabiashara aliyefika Rhodes na nafaka wakati wa njaa, naye akijua kwamba merikebu nyingine zimo njiani. Diogenes wa Babeli alimruhusu kunyamaza. Antipater wa Tarso alimkataza. Sheria ya Kiislamu, iliyozoeleka pwani yetu tangu zamani, ilikwenda na Antipater: mnunuzi akigundua aibu iliyofichwa ana hiari ya kurudisha mali. Lakini hiari hiyo ina sharti moja lisilotajwa, nalo ni kwamba mnunuzi awe hai. Katika bidhaa ambayo aibu yake hujulikana kwa kifo, hiari ya baadaye si kitu, na wajibu wote wa kusema huangukia kabla ya bei.

Atatokea wa kusema kwamba mnunuzi ni mtu mzima na ameridhia. Ni kweli, kama alikuwa na njia ya kujua. Mpiga mbizi aweza kuufunga mtungi akanyonya mdomoni, akaona kama pana mahali panapovuja. Aweza kuangalia kutu na nyufa. Lakini hawezi kwa macho kuona nguvu ya kati ikipanda polepole baada ya vali kufunga, ambayo ni dalili ya kikalio kilichokwisha; kwa hilo ataka geji na mtu ajuaye kuisoma. Kadiri mnunuzi apungukiwavyo na vyombo vya kuhakikisha, ndivyo wajibu wa mwuzaji ukuavyo. Sokoni mambo huenda kinyume.

Lipo na neno la dharura. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Siku mbili baadaye wazamiaji walimtoa mhandisi akiwa hai katika hewa iliyobaki ndani. Mwaka 1996 meli ya MV Bukoba, ilipotobolewa ili watu waokolewe, ilipoteza hewa iliyokuwa ikiishikilia ikazama. Mbele ya mtu agongaye ukuta kutoka ndani, mzamiaji mwenye regulata ya mashaka aweza kuamua kuingia nayo, na hapana wa kumlaumu, maana hatari ameichukua yeye mwenyewe kwa ajili ya mwingine. Lakini ruhusa hiyo ni ya saa ile. Aliyekiweka kifaa hicho ghalani miaka mitano bila kukifungua hawezi kuiazima. Yeye alikuwa na siku nyingi, na fundi wa kuulizwa, na karatasi ya kuandika kwamba kikalio hakijabadilishwa.