Kiporo ni Haki ya Nani?

Katika vitabu vya maadili tunavyowapa vijana wetu mna habari za ukweli, ushujaa, uzalendo na heshima kwa wakubwa. Habari za sufuria hazimo. Au kama zimo, zimewekwa katika somo la sayansi kimu, kana kwamba namna ya kutumia chakula ni ufundi wa jikoni tu usiohusu dhamiri ya mtu. Mimi naona vingine. Mtu aweza kumaliza mwaka mzima asidaiwe ushujaa hata mara moja. Lakini kila siku, mara mbili au tatu, nyumbani mwake huamuliwa kipikwe nini, kiasi gani, nani ale kwanza, na kilichobaki kiende wapi. Ukitaka kujua uadilifu wa mtu, tazama sufuria yake kabla ya kusikiliza hotuba yake.

Swali ninaloomba tulitafakari, ndugu msomaji, ni hili: Je, kubana matumizi ya chakula ni wema, au ni hesabu tu? Na kama ni wema, ni kwa masharti gani?

Tuanze na maneno, kwa kuwa lugha yetu imelifikiria jambo hili kabla yetu. Katika Kiswahili, chakula kilichobaki hakina jina moja. Kilichobaki chunguni kikiwa safi, kikafunikwa ili kiliwe kesho yake, ni kiporo. Na wako wanaokiita mwiku. Kilichobaki katika sahani baada ya kuguswa na mkono wa mlaji ni makombo. Kilichoganda chini ya sufuria ni ukoko, na ukoko wa wali una wagombea wake, hasa watoto. Tofauti ya kiporo na makombo haiko katika ladha, iko katika heshima. Kiporo ni chakula kinachongoja. Makombo ni chakula kilichoachwa. Hata wapenzi wa mpira wamelielewa hilo: mechi ya ligi iliyoahirishwa huitwa kiporo, na hakuna timu inayoidharau, maana pointi zake ni tatu kama za mechi nyingine yoyote. Hakuna aliyewahi kuiita kombo.

Watu wa rika langu hujisifu kwamba sisi hatukutupa chakula. Ni kweli hatukutupa. Ukame wa mwaka 1974 ulitukuta vijana. Tulikula ugali wa mahindi ya njano yaliyoagizwa kutoka ng'ambo, ambao wenye utani waliuita yanga. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 tulipanga foleni za sukari, mchele, mafuta na sabuni; na mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, mtu aliyeonekana na magunia mawili ya mchele alitakiwa ajieleze. Nani angemwaga wali siku zile?

Lakini je, tulikuwa wema? Asiye na cha kutupa hawezi kusifiwa kwa kutotupa. Kuanzia mwaka 1984 biashara ilipolegezwa, wenye fedha zao za kigeni wakaruhusiwa kuingiza bidhaa, na madukani vitu vikaanza kuonekana tena. Hapo ndipo mtihani wenyewe ulipoanza, na si wote tulioufaulu. Wapo waliokuwa wakilamba vidole katika foleni, ambao baada ya miaka michache sherehe zao ziliacha pipa zima la pilau nyuma ya nyumba. Shida hufundisha mikono. Haifundishi moyo kwa lazima. Sifa ya mtu huanza pale anapoweza kutupa na asiulizwe na yeyote.

Hapo utamsikia mtu akisema: "Fedha ni yangu, nimenunua, nikimwaga ni hasara yangu." Hoja hii inaonekana nzito, lakini si nzito. Bei humlipa muuzaji. Hailipi kila kitu kilichoingia katika chakula. Chukua kilo moja ya maharage makavu. Iko palizi ndani yake, iko mvua iliyongojewa, iko migongo ya waliopura. Ukifika nyumbani unaongeza saa mbili za mkaa, na mkaa ni mti. Unaongeza maji, ambayo katika nyumba nyingi yamekuja juu ya kichwa cha mama au binti. Anayemwaga bakuli la maharage hakumwaga maharage peke yake. Amesema, bila kufungua kinywa, kwamba kazi ya watu wale wote si kitu.

Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilikadiria kuwa katika mwaka 2022 dunia ilitupa tani zipatazo bilioni 1.05 za chakula kutoka majumbani, migahawani na madukani, na kwamba asilimia 60 ya hizo zilitoka majumbani. Mwaka huohuo, kwa makadirio, watu kati ya milioni 691 na milioni 783 walikuwa na njaa. Hata hivyo tusijidanganye: wali ambao sikuumwaga mimi jioni haumfikii mwenye njaa aliye nchi ya mbali. Na huku kwetu chakula kingi hupotea kabla hakijafika chunguni. Mkulima anamjua dumuzi, yule mdudu aliyeonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambaye wakulima walimbandika jina la Scania. Humla mtu gunia huku amelala. Ndiyo maana nawaheshimu bibi zetu wa Usukumani na Unyamwezini, ambao hukata viazi vitamu vibichi na kuvianika vikawa michembe, au huvichemsha kwanza ndipo wavianike, vikawa matobolwa. Kuokoa chakula hakukuanza na jokofu.

Sasa nije sokoni. Tangu nilipostaafu nakwenda sokoni mwenyewe, nikiwa na kikapu, na nimejifunza jambo ambalo mshahara ulikuwa ukinificha. Ushauri wetu kwa maskini huwa ni uleule: nunua kwa jumla, nunua wakati wa mavuno, weka akiba. Tufanye hesabu ya darasani. Tuseme lita moja ya mafuta ya kula inauzwa shilingi 5,000, na robo lita ya kupimiwa inauzwa shilingi 1,500. Anayenunua robo nne kwa siku nne ametoa shilingi 6,000. Amelipa shilingi 1,000 zaidi kwa mafuta yaleyale, na sababu si uzembe. Sababu ni kwamba hakuwa na 5,000 kwa pamoja. Ndivyo ilivyo kwa unga wa robo, kwa sukari ya kufungwa katika karatasi, na kwa mkaa wa kopo. Mwenye fedha hununua gunia la mahindi mwezi wa saba, wakati bei iko chini, akalila mwezi wa pili wakati imepanda. Huyu wa pili tunamwita mwangalifu, na yule wa kwanza tunamwambia hajui kupanga. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kwa hiyo nasema kwamba mahubiri ya kubana matumizi yaelekezwe kwanza kwa wenye cha kubana. Yule wa robo lita amekwisha kubana mpaka mfupa.

Nakuja kwenye kiini. Kila nyumba inayobana matumizi, yuko anayebanwa. Swali ni nani.

Katika chuo cha ualimu nilichokiongoza miaka ya 1990, fedha za chakula zilikuwa zikichelewa, na kamati ya chakula ilikutana mara kwa mara kutafuta njia. Siku moja mjumbe mmoja alitoa hoja kwamba maharage yanayobaki yasitupwe, bali yapashwe moto na kupewa wanachuo wa mwaka wa kwanza, ambao hawajazoea kulalamika. Hoja ilionekana kuwa ya busara na ya kuokoa fedha. Mpishi mkuu, mzee aliyeishia darasa la nne, ambaye aliitwa katika kikao kwa ajili ya kutoa taarifa ya stoo tu, aliomba ruhusa ya kusema. Akasema: "Mheshimiwa Mkuu, kiporo mimi nitakipasha mpaka Waziri akila asijue. Ila naomba kianzie meza ya walimu."

Pakawa kimya. Hapakuwa na mjumbe aliyeweza kulipinga ombi lile bila kuona haya, likapita. Na tazama lililofuata. Katika wiki chache kiporo chenyewe kilipungua. Walimu wa zamu, ambao hapo awali hawakuwa wakifika stoo, sasa walikwenda asubuhi kuhesabu wanachuo waliopo na kupima maharage kwa idadi yao. Walioruhusiwa kuamua walikuwa wameanza kula uamuzi wao. Nimesoma vitabu kadhaa juu ya haki, na sikumbuki kimoja kilichonieleza jambo hilo kwa ufupi kuliko mzee yule.

Tupeleke kipimo hicho nyumbani. Ziko nyumba ambamo baba husema kwa fahari, "Kwangu hakitupwi kitu," naye tangu aoe hajala kiporo. Cha moto ni chake. Cha jana ni cha mama, na kikizidi kulala ni cha msichana wa kazi. Msichana yule anapika nyama anayoisikia harufu, kisha anakaa jikoni na ugali wa jana. Huo si uangalifu wa matumizi. Ni kumtoza kodi asiye na sauti, kisha kuiita kodi hiyo jina zuri. Kiporo kikiwa chakula, ni chakula cha wote. Na kama hakimfai mwenye nyumba, basi hakimfai mtu.

Ndivyo ilivyo pia kwa kutoa. Yupo anayengoja wali uanze kuteleza ndipo amkumbuke maskini wa mtaani, kisha ahesabu ametoa sadaka. Dini zetu zimeliona hilo zamani. Kurani, katika Sura ya Al-Baqara, inawakataza waumini kuchagua kilicho kibaya wakakitoa, hali wao wenyewe wasingekipokea ila kwa kufumba macho. Nayo Injili ya Yohana yasimulia kwamba baada ya watu 5,000 kushiba, wanafunzi waliagizwa kukusanya vipande vilivyosalia, vikajaa vikapu 12. Muujiza haukuwa ruhusa ya kutupa.

Lakini uangalifu nao una mpaka wake. Wahenga walisema akiba haiozi. Chakula huoza. Wali uliolala mezani usiku kucha katika joto waweza kuwa na sumu ambayo moto wa asubuhi hauiondoi; wa nazi huchacha upesi zaidi. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 20 walifariki kwa sumukuvu iliyotokana na mahindi yenye ukungu. Sumu ile haimalizwi kwa kupikwa. Mara nyingi anayekula mahindi ya namna hiyo hafanyi hivyo kwa ujinga, bali kwa kuwa hana mengine, na ndiyo sababu nyingine ya kutomhubiria. Ila kwa mwenye uwezo, kumpa mtoto kilichoharibika ili asipate hasara ya bakuli moja ni ubahili uliovaa kanzu ya uangalifu. Kilichochacha kipelekwe shimo la mbolea bila majuto. Ukuta wa kuzuia hasara ujengwe mapema: katika kupima, katika kufunika, katika kukumbuka jana kuna nini kabla ya kwenda sokoni leo.

Limebaki gumu moja. Anayepima sawasawa kwa idadi ya watu wake hatabakiwa na kitu, na atasifiwa. Lakini akibishiwa hodi wakati wa chakula, hana cha kumkaribishia mtu. Basi je, nyumba isiyo na kiporo ni nyumba adilifu, au ni nyumba iliyofunga mlango?

Mke wangu hupima mchele kwa kikombe cha bati. Akimaliza vikombe vyetu huongeza kimoja, nacho hukiita cha mlangoni. Mgeni akija, hula bila mtu kutazama sahani ya mwenzake. Asipokuja, wali ule hufunikwa vizuri mahali penye baridi, na asubuhi hukaangwa kwa kitunguu na mafuta kidogo, tukanywa nao chai, mimi na yeye, pamoja na mjukuu na binti anayetusaidia kazi, katika sinia moja. Mwanauchumi angesema kikombe kile ni ziada isiyo ya lazima. Mimi nasema ndicho kinachotenganisha kubana matumizi na kubana watu.

Basi jibu langu ni hili. Kubana matumizi ya chakula ni hesabu mpaka pale anayebana anapokubali kuubeba mzigo wake mwenyewe, akala anachowapa wengine, na akaacha nafasi ya asiyehesabiwa. Hapo huwa wema. Na ukiniuliza kiporo ni haki ya nani, nitasema kilikuwa haki ya mgeni ambaye hakufika. Sisi tunakila kwa niaba yake, na jioni tunampimia tena.