Kuanzia Sifuri

Kuna neno ambalo sisi waandishi wa habari tunalitumia kirahisi mno: "nimeelewa". Unampigia mtaalamu simu, anakueleza dakika kumi, jioni habari iko hewani. Mwaka jana nikachoka. Nikaamua kitu kimoja, angalau kimoja, nikielewe hadi mzizini: mfumo endeshi wa kompyuta. Nitauandika mwenyewe, kuanzia sifuri, hata kama hakuna atakayeutumia.

Jamani, sifuri iko mbali. Kompyuta ya mtindo wa zamani ikiwashwa inasoma baiti 512 za mwanzo wa diski, inaangalia kama mbili za mwisho ni 55 na AA, kisha inakuachia usukani. Baiti 512! Hizi aya mbili peke yake zimeshazidi.

Kwenye kibodi nilikaa wiki nzima. Nilidhani ukibonyeza A inatuma A. Wapi! Inatuma namba: 1E kidole kikishuka, 9E kikiinuka. Herufi yenyewe haiijui. Hata Shift, ni mfumo wako ndio unaopaswa kukumbuka kwamba bado imeshikiliwa. Miaka yote hii ninaandika, sikujua kuna anayevihesabu vidole vyangu vikipanda na kushuka.

Ila kuna mistari kama arobaini, ile ya kuipeleka prosesa kwenye hali ya biti 32, niliinakili kwa mtu aliyetangulia. Nikiigusa, mashine inajiwasha upya bila kukoma. Nikaiacha ilivyo. Rafiki yangu alipoona neno "Habari" kwenye skrini akasema, "Kumbe umejenga mwenyewe!" Nikanyamaza. Kimya kile ndicho kilichoninyima usingizi.

Ningeweza kujitetea kwamba hakuna anayeanza sifuri. Linus Torvalds mwenyewe, mwaka 1991, aliianza Linux akitumia MINIX, mfumo ambao Andrew Tanenbaum aliuandika kwa ajili ya kufundishia, na kompaila ya GCC hakuitengeneza yeye. Sawa. Lakini mimi sikuulizwa kama nilitumia vifaa vya watu. Nilisifiwa kwa kuelewa nisichokielewa, nikapokea.

Juzi nimempigia nikamwambia ukweli. Akacheka, kwake si kitu. Mistari ile nimeifuta, naiandika upya mmoja mmoja. Mfumo wangu sasa hauwaki kabisa. Niko mstari wa sita.