Komeo, Jirani, na Yowe la Usiku

Ya kusoma: Nehemia 4:9, Kutoka 22:2–3, Mathayo 24:43.

Mwezi huu twataka kunena habari za mlango wa nyumba. Labda mtu atasema, "Hilo si neno la kanisani." Walakini Bwana wetu, alipotaka kutufundisha kumngoja, alitwaa mfano wa mwenye nyumba na mwivi wa usiku. Yeye hakuona haya kufundisha kwa habari za mlangoni petu. Basi, nasi tusione haya.

Tazameni jinsi tukaavyo siku hizi. Wazee wetu waliofikiwa na Injili hapa Kisarawe tangu mwaka 1892 walikaa katika nyumba za udongo na makuti, na kila mtu alikijua kikohozi cha jirani yake. Leo, kutoka Kibaha katika njia ya Morogoro hata vilima vya Pugu na Kisarawe, watu wengi watokao Dar es Salaam wanunua viwanja na kujenga. Waondoka alfajiri kwenda kazini mjini, warudi usiku, na nyumba yashinda peke yake. Jirani hajui jina la jirani. Mwivi aijua sana hali hiyo. Huja mchana kweupe na gari la mizigo, akatoa televisheni na mtungi wa gesi, na wapitao njiani hudhani kwamba mwenye nyumba anahama.

Basi, neno la kwanza: tusimjaribu Mungu. Nehemia na wenziwe waliposikia vitisho vya adui walimwomba Mungu, kisha wakaweka walinzi usiku na mchana. Sala haikuondoa zamu, wala zamu haikuondoa sala. Kwa hiyo afungaye mlango kwa komeo hakupungukiwa na imani. Fyeka vichaka vilivyo karibu na madirisha. Weka taa nje. Usifiche ufunguo chini ya jiwe la mlangoni, maana hapo ndipo mwivi atazamapo kwanza. Usiwatangazie watu wote safari yako, wala usitume habari zake kwa simu mpaka umekwisha kurudi. Ukikuta mlango umevunjwa, usiingie. Simama mbali, uite majirani, na kuwapigia polisi simu kwa namba 112. Mali hupatikana tena. Uhai haupatikani tena.

Neno la pili: komeo halitoshi pasipo jirani. Martin Luther katika Katekisimo Ndogo, aelezapo maana ya mkate wa kila siku, ahesabu na majirani waaminifu pamoja na chakula na nguo. Tumeyakariri hayo tangu utoto. Je, twayaomba kwa moyo? Katika miaka ya 1960 chama cha TANU kiliweka utaratibu wa nyumba kumi kumi, ili kila nyumba ijulikane. Ninyi mliohamia juzi, nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji mkajulikane. Nanyi wenyeji, msingoje mgeni aje, mwendeeni. Ajuaye jina lako na namba ya simu yako ndiye atakayeliuliza lile gari la mizigo, "Mwenye nyumba yuko wapi?"

Neno la tatu ni gumu, nasi twalinena kwa aibu. Usiku mmoja tulisikia yowe la "Mwivi! Mwivi!" karibu na kwetu. Tulikaa kitandani, tukajiambia, "Vijana wametoka, watatosha." Kulipopambazuka tulikwenda, tukamkuta kijana amelala njiani, amekufa, na kando yake kuku wawili waliofungwa miguu. Kati ya waliompiga walikuwamo watu tuliowapa Meza ya Bwana Jumapili iliyotangulia. Sisi hatukuinua jiwe. Walakini Luther, aielezapo amri ya tano, asema kwamba haitoshi kutomdhuru mwenzio; yatupasa kumsaidia mwili wake uwapo hatarini. Basi, tulikosa, pamoja na wale waliopiga.

Ndugu, isomeni tena Torati. Yapambanua kati ya mwivi apigwaye gizani anapovunja nyumba, na yule auawaye jua limekwisha kuchomoza. Damu ya huyu wa pili yadaiwa. Mtu aliyekamatwa na watu hamsini, mikono imefungwa, huyo jua limekwisha kumchomozea, ijapokuwa ni saa nane ya usiku. Hawezi tena kumdhuru mtu. Na sheria ya nchi haipingani na hayo. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 14, yampa kila mtu haki ya kuishi. Na ibara ya 13 yakataza kumtendea mtu kama mkosaji kabla haijathibitika kwamba ana hatia. Ampigaye mwivi hata kufa hakulinda kijiji, amekiongezea mwuaji.

Kwa hiyo, waalimu, mkisikia yowe, tokeni, wala msitoke peke yenu. Chukueni taa, mwite mzee mmoja au wawili. Simameni kati ya yule mtu na mawe. Semeni kwa sauti jina la kila mmoja mnayemtambua, maana mtu aitwaye kwa jina lake huona haya. Kisha mtoeni mtu huyo hai mikononi mwa mwenyekiti na polisi. Paulo awaagiza Waefeso kwamba mwivi aache wizi, afanye kazi, apate cha kumpa mhitaji. Aliyeuawa kwa ajili ya kuku wawili atafanya kazi lini?

Tufunge milango yetu, tujuane majina, na usiku yowe litakaposikika, tusikae kitandani. Mungu aliyemfungulia mwivi Paradiso pale msalabani azilinde nyumba zenu na mikono yenu. Amina.