Aliyelala na Dhima Yake

Tumeulizwa mas'ala ambayo wengi waona haya kuyataja. Mtu mcha Mungu, mpole mchana kutwa, akilala huota akishambuliwa na maadui au wanyama wakali. Huweweseka, hupiga kelele, hurusha ngumi na mateke. Asubuhi mkewe ana jicho lililovimba, au yeye mwenyewe ameanguka kitandani akaumia. Je, mtu huyu ana dhambi? Na yampasa afanye nini?

Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kuwa aliyelala haandikiwi dhambi mpaka aamke. Basi kwa pigo la usingizini hana dhambi. Lakini kusalimika na dhambi si kusalimika na dhima. Wanavyuoni wa fiqhi walipozungumza juu ya mtu aliyegeuka usingizini akamlalia mtoto mchanga akafa, hawakumwita muuaji wa kusudi, wala hawakusema kuwa hapana neno. Walilitia jambo hilo katika mlango wa kuua kwa kukosea, ambao una dia na kafara yake. Haki ya aliyedhurika haipotei kwa kuwa mwenye kumdhuru alikuwa amelala.

Tena Mtume alikataza mtu kulala juu ya sakafu ya dari isiyo na ukuta wa kumzuia, na akaamrisha taa zizimwe wakati wa kulala. Maana yake ni kwamba aliye macho ameamrishwa kumlinda yule atakayekuwa amelala. Kwa hivyo, ajuaye kuwa mkono wake hupiga usiku, kisha akanyamaza, ataulizwa kwa lile aliloliacha mchana alipokuwa na khiari.

Na maradhi haya yajulikana. Katika usingizi wa ndoto, ubongo huizuia misuli ya mwili ili tusiyatende tuyaotayo. Kwa baadhi ya watu, khasa wanaume waliopita miaka 50, kizuizi hicho hulegea. Mwaka 1986 Carlos Schenck na Mark Mahowald, madaktari wa Minneapolis, Marekani, pamoja na wenzao, waliyaeleza maradhi hayo kwa watu wazima. Pengine huletwa na baadhi ya dawa za kutibu huzuni. Na mara nyingi hutangulia, kwa miaka mingi, ugonjwa wa kutetemeka uitwao Parkinson. Ndiyo maana haifai kuyaficha kwa daktari, na ziko dawa za kuyapunguza.

Twasikitika basi kuona mgonjwa kama huyu akipelekwa kwa mganga, akaambiwa kuwa pepo wake ataka mbuzi na ngoma. Hatukanushi kuwa shetani humtisha mtu kwa ndoto; kwa hiyo tumefunzwa kujikinga kwa Mwenyezi Mungu, kutema mate kidogo kushotoni mara tatu, na kugeukia ubavu mwengine. Lakini Mtume huyo huyo ametuamrisha kujitibu. Dua na daktari havigombani.

Na kabla dawa haijafanya kazi, nyumba itengenezwe. Samadari ndefu iachwe, godoro litandikwe chini. Vioo, visu na meza zenye pembe viondolewe karibu. Mtoto asilazwe hapo. Mke alale kitanda chengine, wala asiitwe mwasi kwa hilo, wala majirani wasiulize mno. Kujilinda na madhara ni haki yake.

Wala usingizi usifanywe kisingizio. Ampigaye mkewe hali yu macho, kisha akadai kuwa alikuwa akiota, amekusanya dhulma na uwongo, na Mola wake hasinzii wala halali.

Twawanasihi ndugu zetu wenye taabu hii waiseme kwa wake zao na kwa daktari, wasiione kuwa ni fedheha. Mwenyezi Mungu atujaalie usingizi wa amani, na tukiamka atuwezeshe kutimiza dhima zetu. Amin.