Alama Isiyo na Mwenyewe

Watu wanaofanya kazi ya kuandaa vitabu kwa kompyuta hukutana na adha moja ambayo, ijapokuwa aghalabu huhesabiwa kuwa ni jambo la mafundi, ndani yake limejificha suala ambalo wanazuoni wa dini na wapenda hekima wamelishughulikia tangu zamani. Waraka uliopigwa chapa miaka mingi nyuma kwa programu iliyokwisha kupitwa na wakati, ukihamishwa ili usomeke katika programu mpya, huja umejaa alama ambazo mwandishi hakuziandika, wala mpiga chapa hakuzigonga, wala msomaji hawezi kuzitamka. Neno “ng’oa” hutokea likiwa “ngâ€™oa”. Palipokuwa na nafasi tupu huchomoza herufi Â, imevaa kofia. Na katika orodha, pale palipokuwa na kitone cheusi, husimama kisanduku kisicho na kitu ndani. Mwenye haraka huziita takataka, akaiamuru mashine izitafute na kuzifuta zote kwa mara moja, na kabla chai yake haijapoa waraka umetakata machoni.

Nani aliyempa idhini ya kuziita takataka? Kwani kusema kwamba alama fulani haina maana kwaweza kuwa ni habari ya alama yenyewe, na kwaweza kuwa ni habari ya yule anayeitazama, na habari hizi mbili zimeachana mbali, ijapokuwa ulimi huzitamka kwa maneno yale yale.

Tulitazame neno hilo “ng’oa” kwa karibu. Ndani ya kompyuta hakuna herufi, kuna namba, na namba huwa herufi kwa mapatano tu, baina ya aliyeandika na atakayesoma. Ritifaa iliyopinda, ile iliyomo katika neno hilo, kwa utaratibu wa UTF-8 ambao Ken Thompson na Rob Pike waliubuni mwaka 1992, huwekwa kwa baiti 3, yaani namba tatu, zinazosomwa pamoja kama kitu kimoja. Lakini programu inayodhani kwamba waraka umeandikwa kwa mpango wa Windows-1252, ambao kila baiti moja ni herufi moja, huzitenga baiti hizo na kuzisoma mbalimbali, ya kwanza ikawa â, ya pili ikawa alama ya sarafu ya Yuro, na ya tatu ikawa alama ya biashara. Hapana kilichoongezeka wala kilichopungua. Ritifaa ingalipo, nzima, haina jeraha, ila imefika mbele ya hakimu asiyejua lugha yake, naye amekwisha kuihukumu.

Tuseme basi kwamba mhubiri mmoja aliandika katika hotuba yake, “ng’oa ngoa moyoni mwako”, akimwonya muumini aondoe wivu na tamaa zilizoota mizizi kifuani. Msafishaji akifuta zile alama tatu, maneno yatabaki “ngoa ngoa moyoni mwako”, na onyo la mhubiri litakuwa limegeuka kuwa kana kwamba ni sifa ya maradhi yale yale aliyokuja kuyatibu. Ukurasa utakuwa safi, na uwongo utakuwa umeandikwa kwa jina la mtu asiyekuwapo kujitetea.

Waliotutangulia katika kutunza maandiko walikuwa na adabu nyingine. Sura 29 katika 114 za Kurani hufunguliwa kwa herufi zilizokatwa, kama vile Alif Lam Mim inayoanza Sura ya Al-Baqara, na wafasiri wamezijadili karne kwa karne, wengine wakazieleza kwa namna hii na wengine kwa namna ile, na wengi wakaishia kusema kwamba Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye muradi wake. Walakini hapana hata mmoja aliyedai kwamba, madhali maana yake haikumdhihirikia, basi ziondolewe. Kadhalika Mayahudi: katika kitabu cha Hesabu, sura ya 10, aya ya 35 na ya 36 zimewekwa baina ya alama mbili zinazofanana na herufi nun iliyopinduliwa, ambazo hazisomwi, na ambazo wataalamu wao wametofautiana katika kuzieleza; hata hivyo wanakili wa Torati, kizazi baada ya kizazi, wameendelea kuzichora. (Nayo sura ya Kurani inayoitwa Al-Qalam, yaani Kalamu, hufunguliwa kwa herufi Nun, sidai kwamba pana uhusiano, lakini mtu wa kazi ya uandishi hawezi kulipita jambo hilo bila ya kutabasamu.)

Hapa mpinzani atanisimamisha, na haki anayo. Atasema: hasha, usilinganishe maandiko matakatifu na makosa ya mashine, herufi zile, kwa imani ya wanaozisoma, zina Msemaji aliyezikusudia, ilhali hizi za kompyuta hazikukusudiwa na mtu yeyote, na pasipo nia hapana maneno. Hoja hii ina nguvu, tena ina mizizi katika fikihi, ambayo haiipi hukumu kauli ya aliyelala: mume akitamka talaka usingizini, talaka haipiti, kwa kuwa ulimi ulitikisika bila ya nia kuuongoza. Mashine nayo haina nia hata ikiwa macho, na alama ile ya Yuro katikati ya “ng’oa” haikutakwa na nafsi yoyote duniani.

Nakubali sehemu ya kwanza na kuikataa natija yake. Ni kweli kwamba mchanganyiko ule wa alama hauna nia yake wenyewe. Lakini nyuma yake ipo nia ya yule mhubiri aliyeitaka ritifaa, nayo haikubatilika kwa sababu ya msomaji kushika ufunguo usio wake. Kwa hiyo wajibu wa msafishaji ni kurejesha kabla ya kufuta. Na airudie nakala ya asili, aifungue upya huku akiiambia programu usimbaji ulio sawa, yaani mapatano ya namba na herufi aliyoyatumia mwandishi, na mara nyingi takataka zote zitarudi kuwa ritifaa, alama za kunukuu na vistari, bila ya yeye kugusa hata neno moja. Ile Â yenye kofia ina habari nyepesi zaidi: aghalabu ni kivuli cha nafasi isiyokatika, iliyowekwa ili maneno mawili yasitenganishwe mwisho wa mstari; ikiwa hapana njia nyingine, kofia na ifutwe, nafasi ibaki, wala sioni ubishi.

Hata anayerejesha, sharti kazi yake ionekane. Misahafu ya zama za Khalifa Uthman, aliyefariki mwaka 656, haikuwa na alama za irabu, na mapokezi yanamtaja Abul Aswad ad-Duali, aliyefariki yapata mwaka 688, kuwa ndiye aliyezitia kwa nukta, zikaandikwa kwa wino wa rangi mbali na wino wa maandishi. Walikuwapo walioona karaha hata kwa nyongeza hiyo, ijapokuwa ilikuwa ni rehema kwa wasomaji wasiokulia katika Kiarabu. Ninalolistaajabia mimi ni ile rangi: msomaji aliweza kujua, kwa kutupa jicho, lipi limepokewa na lipi limeongezwa ili kumsaidia. Wahariri wetu wa leo, wenye mashine ziwezazo kutoa rangi kwa mamilioni, hurekebisha kimya kimya, wakaitupa nakala ya kwanza, na atakayekuja baadaye kuwasahihisha hana pa kuanzia.

Lipo lakini jambo ambalo ufunguo wowote haulifungui. Wakati mwingine programu, ikishindwa kuitambua namba, huweka mahali pake almasi nyeusi yenye alama ya kuuliza ndani, na mtu akiihifadhi kazi yake katika hali hiyo, namba ya asili hufutika na almasi ikakaa mahali pake. Hapo hapana kilichojificha, kimepotea. Mkono wa mhariri huvutika kukisia, na kisio lake mara nyingi litakuwa sahihi. Lakini sahihi ya kukisia na sahihi ya kupokewa si kitu kimoja, na pale ambapo mwandishi amekwisha kufariki na nakala nyingine haipatikani, mimi ningeiacha almasi ile ichapishwe ilivyo, na chini ya ukurasa niandike kwamba hapa palikuwa na herufi isiyojulikana, na kwamba kwa dhana yangu ilikuwa kadha. Mchapishaji atasema ukurasa una doa, nami sitambishia.